Nyumba Iliyorukwa

Hebu niambie wewe unayesikiliza: mgeni akipita mlangoni pako bila kubisha, akaenda kulala kwa jirani, halafu ukaambiwa kwamba alipita kwa kukuhurumia, utashukuru ama utakasirika?

Kalunde alishukuru. Alisema, "Asante sana, mwenyekiti," tena akainamisha kichwa kidogo kama mtu aliyepewa kitu mkononi. Kilichomuuma baadaye, alipokuwa akitembea peke yake kurudi nyumbani, hakikuwa maneno ya mwenyekiti. Ni mdomo wake mwenyewe ulioshukuru.

Ulikuwa mwezi wa kumi, mwezi wa Rozari, mwaka ule wa themanini na nne ambao Wakamba waliuita Nikw'a Ngwete, yaani ninakufa na pesa nimeishika, kwa sababu hata mwenye pesa alifika dukani akakuta rafu tupu. Upande wa Nuu mvua ilikuwa imekataa misimu miwili. Lakini jumuiya ya Kalunde haikuacha desturi yake. Kila Oktoba sanamu ya Mama Maria ilitolewa katika kanisa la kigango, ikafungwa leso ya buluu kuikinga na vumbi, ikatembezwa nyumba kwa nyumba. Ilipofika kwako, watu walikuja jioni wakasali rozari, sanamu ikalala kwako, na kesho yake mkaisindikiza kwa jirani mkiimba.

Ilikuwa sanamu ya plasta, kimo cha mkono kutoka kiwiko hadi vidole, na pua ilikuwa imemeguka tangu siku ilipoangushwa na mama mmoja aliyekuwa akifukuzwa na nyuki. Hakuna aliyejali pua. Watu walijali kitu kimoja: nyumba ambamo Mama Maria analala, ndiyo hutoa nia. Kabla rozari haijaanza, katekista huuliza wenye nyumba wanataka watu wasalie nini, nao husema mbele ya wote, na wote husali kwa ajili ya hilo tangu Salamu Maria ya kwanza hadi ya mwisho. Ukiwa huna mgeni, huna nia. Unajibu tu za wenzako.

Na Kalunde alikuwa na nia. Alikuwa nayo tangu mwezi wa sita.

Mwezi huo alijifungua mtoto wa kike, mdogo kama kifaranga. Siku ya pili mtoto akaacha kunyonya. Ndululu, mumewe, alikuwa mtoni akichimba mchanga kutafuta maji. Padri alikuja kigangoni mara moja kwa mwezi na Landrova yake, na mwezi huo alikuwa ameshapita. Kalunde akakumbuka yale Kisilu, katekista, aliyowafundisha kwenye mafundisho: mtoto akiwa katika hatari ya kufa, Mkristo yeyote anaweza kumbatiza, bora awe na maji na maneno. Maneno alikuwa nayo. Maji ya mtungi yalikuwa yamekwisha. Yaliyokuwako ni yale ya punda, kwenye karai bovu nje, yamechanganyika na mate na majani. Akayachota kwa kiganja, akamimina juu ya kipaji cha mtoto, akasema kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Akampa jina. Kabla jua halijazama mtoto alikuwa amekwenda.

Mama mkwe wake alimwambia kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya, "Usilie sana, mwana wangu. Hajafikisha siku ya kupewa jina. Mtoto ambaye hajaitwa na wamama wa boma, bado ni wa huko alikotoka." Ndivyo ilivyokuwa desturi. Mtoto wa namna hiyo hakukusanyiwa watu. Ndululu alirudi kutoka mtoni, akaweka chini madumu, akachukua jembe lile lile alilokuwa nalo, akamzika nyuma ya nyumba. Kesho yake majirani walisalimia kama kawaida, wakauliza habari ya mbuzi.

Kalunde hakumwambia mtu habari ya maji yale. Alisema moyoni, nitangoja Oktoba.

*

Siku aliyorukwa walikuwa wamesali kwa Muthama, ambaye ana mwana anayefanya kazi mjini Mwingi, kwa hiyo chai ilikuwa na maziwa na mkate ulikatwa vipande vinene. Chai hii, mjue, haikuandikwa popote. Ilianza tu na mama mmoja mkarimu, mwaka uliofuata mama wa pili akaona aibu kutoa uji, na sasa ilikuwa kama sehemu ya rozari. Mwaka huu wa njaa ndio ilikuwa imezidi. Kila nyumba ilijikaza isije ikasemwa.

Walipomaliza, Muthoki, mwenyekiti wa jumuiya, akasimama na kujifunga leso vizuri kiunoni. Alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele na milele, amina."

"Kesho Mama Maria anatoka hapa anaenda kwa Musyoka. Wenye kubeba mishumaa waje mapema. Sio kama leo, mtu anafika tumefika fumbo la tatu la rozari."

Watu wakacheka. Kalunde hakucheka. Kutoka kwa Muthama kwenda kwa Musyoka njia ni moja, na katikati ya njia ile kuna boma moja tu, la kwake.

Muthoki akamshika mkono, akamvuta kando karibu na zizi, akamwita kwa jina la mwanawe wa kwanza. "Mama Mulei, usione vibaya. Tumeonelea ninyi mpumzike mwaka huu. Kiangazi ni kiangazi. Mama Maria mwenyewe anajua."

Hapo ndipo Kalunde aliposema asante.

*

Ndululu alikuwa ameketi kwenye kivuli cha nyumba akisokota kamba za katani juu ya paja. Paja lilikuwa limetoka upara kwa kazi hiyo. Alimsikia mkewe akifika, hakuinua kichwa.

"Baba Mulei, tumerukwa," Kalunde akasema. "Kesho anaenda kwa Musyoka."

"Mm."

"Wewe unasema mm? Nyumba zote amelala, hata kwa yule mama hana mlango, amening'iniza gunia. Sisi tumekosa nini?"

"Labda wamesahau."

"Hawajasahau. Muthoki ameniambia kwa mdomo wake. Ati tupumzike. Sisi tumechoka na nini?"

Ndululu akatema mate kwenye kiganja, akaendelea kusokota. Alisokota haraka kuliko kawaida, na kamba ikatoka nene upande mmoja na nyembamba upande mwingine. Kalunde akaona. Mume wake alikuwa mtu wa kamba sawasawa.

Asubuhi alifunga senti kidogo kwenye pindo la leso, akaenda sokoni Nuu kwa duka la Qamar. Qamar alikuwa mke wa Ahmednur, mnunuzi wa mbuzi, nao walikuwa wametoka upande wa Garissa miaka mingi iliyopita, hata Kikamba alikisema vizuri pamoja na matusi yake.

"Sukari, Qamar."

"Sukari?" Qamar akageuka, akaonyesha rafu kwa mkono mzima kama mtu anayeonyesha shamba lake. "Chagua. Iko kiberiti, iko rangi ya viatu, iko dawa ya panya. Ukipata sukari hapo ndani, uniitie na mimi."

"Hata robo?"

"Wallahi, hata mimi nakunywa chai chungu. Kuna nini kwako, posa?"

"Kuna wageni wa kanisa. Pengine."

"Hao wageni hawajui kuna njaa?"

Kalunde akafungua pindo la leso, akalifunga tena. Nyuma yake sauti kubwa ikasema, "Mama Mulei! Unatafuta sukari ya nini, na mimi nimekuondolea mzigo?" Ilikuwa Muthoki, na kikapu kitupu kwapani. Wanawake wawili waliokuwa wakinunua kiberiti wakageuka kutazama.

"Nimeitafuta tu, mwenyekiti."

"Wewe unataka kulazimisha mambo. Hata mzee wako ana akili kukushinda."

"Mzee wangu ana nini?"

Muthoki akagundua kwamba ulimi umemponyoka. Akashusha sauti, lakini sauti yake hata ikishuka bado ilifika barabarani. "Si yeye alikuja kwangu Jumapili? Akaniomba tafadhali, mtupitie. Ningefanya nini? Mwanamume mzima amesimama mlangoni kwangu na kofia mkononi. Nimemsitiri, mama. Usiniangalie hivyo."

Qamar akachukua kitambaa, akaanza kufuta rafu ambayo haikuwa na kitu cha kufutwa.

*

"Ni wewe," Kalunde akasema alipofika nyumbani. Hakupaza sauti. Mama mkwe alikuwa amelala ndani.

Ndululu akaweka kamba chini. "Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Angalia huku." Akanyoosha kidole mlangoni. "Meza iko wapi? Viti viko wapi? Nimeuza, tumekula. Ng'ombe wamekufa wote, ghala nimepasua kuni. Watu wote hao waje waketi juu ya nini? Juu ya magoti yangu? Muthama aje hapa aangalie dari, aende aseme, kwa Ndululu hakuna hata stuli? Mimi nilijenga hilo kanisa, Kalunde. Nilibeba mawe. Nilikuwa mtu."

"Wote wana njaa."

"Wana njaa na viti."

Kalunde karibu acheke, akazuia. Akaketi chini, mbele ya mumewe, akanyoosha miguu. "Nilikuwa na nia," akasema.

"Sisi wote tuna nia. Mvua. Kila nyumba imesali mvua, na mawingu hata hayajageuka kutuangalia. Ikisaliwa kwa Musyoka si itanyesha mpaka kwetu?"

"Sio mvua. Ni mtoto."

Ndululu akatazama upande mwingine. "Mtoto gani?"

Lilikuwa swali baya, naye alilijua mara tu lilipotoka. Kalunde akamwacha akae nalo. Halafu akamwambia habari yote, ya mtungi mtupu, ya karai la punda, ya maneno, na ya jina. Akalitaja jina polepole. Ndululu hakuwa amewahi kulisikia. Alikuwa amezika mtoto na kushindilia udongo kwa miguu yake bila kujua kwamba mtoto ana jina.

"Kwa nini hukuniambia siku ile?"

"Ulikuja na jembe mkononi. Mama alikuwa amesema maneno yake. Ulipomaliza ukanawa mikono, ukauliza kama kuna chakula."

Mwanamume akasugua uso. Mbuzi wao mmoja aliyebaki akaja akaanza kutafuna ncha ya kamba, naye Ndululu hakumfukuza.

"Hata hivyo," akasema mwishoni, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetafuta pa kutokea, "maji ya punda, mama. Kisilu atasema nini? Hiyo sio ubatizo. Watakucheka mpaka Mwingi. Watasema Ndululu na mke wake wamebatiza mtoto na mate ya punda."

"Pengine."

"Basi uache. Usiseme. Usalie tu kwa roho."

"Nimesalia kwa roho tangu mwezi wa sita," Kalunde akasema. "Roho imechoka kusalia peke yake."

Akainuka, akanawa uso kwa maji kidogo, akafunga kitambaa chake cheupe cha kanisani, akatoka.

*

Alasiri ile maandamano yalitoka kwa Muthama, jua likiwa bado kali juu ya miti iliyokauka. Muthoki alikuwa mbele na msalaba. Nyuma yake alikuja anayebeba sanamu, na ubavuni mwake Kisilu, katekista, mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi, halafu watu wote wakiimba. Vumbi lilikuwa jingi hata walioko nyuma hawakuona waliotangulia. Walifuata wimbo tu.

Sanamu haikubebwa na mtu mmoja. Wamama walipokezana. Kila aliyependa alisogea, akanyoosha mikono, na mwenzake akampa bila kusimama. Kalunde alisogea walipovuka kijito kikavu.

"Nipe na mimi."

Mke wa Muthama akamtazama, akaona haya kidogo, akampa. "Polepole, mama. Shika chini, kichwa ni kizito."

Kalunde akamshika chini. Leso ya buluu ilikuwa ya moto kwa jua. Alitembea akimlaza mkononi. Mbele yake lilionekana ua la miiba la boma lake, na nafasi ya kuingilia.

Sasa, kama hujui maandamano ya rozari, ujue jambo moja. Watu hawafuati mwenyekiti. Hawafuati hata msalaba. Wanamfuata Mama Maria. Kalunde alipofika penye nafasi ile, akakata kushoto, akaingia kwake.

Kisilu akageuka naye bila kufikiri, maana macho yake yalikuwa kwenye kitabu. Mke wa Muthama akasita, halafu akageuka. Wengine wakafuata wimbo na vumbi. Muthoki peke yake aliendelea mbele na msalaba, akiimba kwa nguvu, hadi aliposikia kwamba wimbo umebaki mbali nyuma yake. Akageuka. Njia ilikuwa tupu.

"Mama Mulei!" Akarudi mbio, msalaba begani kama jembe. "Mama Mulei! Njia ni huku!"

"Mwenyekiti, mimi nimembeba tu," Kalunde akasema, akiwa tayari katikati ya ua. "Yeye ndiye ameingia."

Mtu mmoja akacheka, halafu wengi. Muthoki akafungua mdomo, akamtazama Mama Maria mwenye pua iliyomeguka, na akaona kwamba hapo hana wa kumfokea.

Ndululu alikuwa nje bila shati. Alipoona kanisa zima limejaa uani kwake, aliruka ndani kama mwizi, akatoka akifunga vifungo ovyo, kimoja juu kimoja chini. Alisimama mbele ya watu.

"Karibuni," akasema. "Karibuni kwetu. Viti hakuna. Chai hakuna. Sukari mke wangu ametafuta, amekosa. Iko maji, nimechimba mwenyewe." Akaangalia chini. "Ni mimi nilisema msikuje. Muthoki hana makosa."

Ajuza mmoja, nyanya yake Musyoka, akaketi chini kwenye vumbi, pu, akanyoosha miguu yake iliyovimba. "Nani amesema amekuja kunywa chai? Ile ya jana ilikuwa inanuka moshi. Lete hayo maji, Baba Mulei. Na wewe Muthoki keti, unatuzuilia upepo."

Mke wa Muthama alikunja uso kwa sababu ya ule moshi, lakini naye akaketi. Wakaketi wote, wengine chini, mmoja juu ya kinu kilicholazwa, wawili juu ya mti wa nira ambayo haikuwa na ng'ombe tena. Mama mkwe akatolewa ndani akaketishwa juu ya gunia. Ndululu alileta sufuria kubwa, akaipindua, Kalunde akamsimamisha Mama Maria juu yake na kufungua leso. Kibuyu cha maji kikazungushwa. Kila mtu alikunywa kidogo akampa mwenzake, kwa adabu, maana walijua mto ulivyo mbali.

Kisilu akatoa rozari yake mfukoni, akapangusa miwani. "Haya. Nia ya nyumba hii. Nadhani ni mvua, kama kwa wengine. Tuombe mvua. Kwa jina la Baba…"

"Sio mvua," Kalunde akasema.

Mkono wa Kisilu ukabaki kwenye kipaji. Kalunde alikuwa bado amesimama. Alimwona mumewe upande wa pili wa sufuria, akadhani atatikisa kichwa kumkataza. Ndululu alikuwa akivifungua vile vifungo alivyokosea, kimoja kimoja, na kuvifunga upya. Alipomaliza akaja akasimama karibu naye, bega kwa bega, mbele ya watu, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo.

"Sema, mama," akamwambia.

"Mwezi wa sita nilipata mtoto," Kalunde akasema. "Mnajua. Mliniona na tumbo, halafu mkaniona bila tumbo, na hakuna aliyeniuliza kitu, kwa sababu ndiyo desturi, na mimi sikuwalaumu. Lakini nilimbatiza. Peke yangu, kwa mkono huu. Maji safi hayakuwako, nilichota ya punda. Katekista atasema kama ilishika ama haikushika, mimi sijui, sikusoma sana. Mimi sitaki mvua. Mvua mmeiombea vya kutosha. Nataka mumwombee mtoto wangu, watu wote, kwa sauti, kama mtu aliyeishi hapa. Alikaa siku mbili kwenye nyumba hii. Anaitwa Felista."